Msumeno Uliokuja kwa Jina la Mume Wangu

Kabati langu la kwanza la jikoni halikuwahi kufika jikoni. Lilikwama kwenye pindo la kwanza la ngazi, likashushwa, likawekwa ukumbini, na mume wangu akalijaza viatu na magazeti. Ikawa kila anayeingia nyumbani kwetu, mtaa wa Langoni, hulipapasa na kulisifu, na mimi niliyeliomba niko juu, ghorofa ya tatu, nafukuza paka.

Wacha nieleze, maana asiyezijua nyumba zetu atadhani nazua. Jiko la nyumba ya Lamu liko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi upate pa kutokea. Ngazi za kufika huko ni za mawe, nyembamba, na zinapinda. Mwanamume asiyekuwa wa nyumba hazipandi. Fundi seremala akiitwa kutengeneza kitu cha jikoni, huishia ukumbini, akapewa kahawa. Mwenye nyumba ndiye anayepanda na uzi, akapima, akafunga mafundo, akashuka nao kumpa fundi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikifanywa, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kitu cha jikoni kinapimwa na mtu asiyejua chumvi inakaa wapi.

Mume wangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa hesabu na mihuri. Siku ya kupima alisimama katikati ya jiko kama mgeni aliyekosea mlango. Akaupima ukuta kwa uzi wake: fundo la urefu, fundo la kimo, fundo la kina. Nikamwambia, "Bwana, na ngazi je?" Akaniambia fundi yule wa mtaani kwetu alikuwa akitengeneza makabati kabla sisi hatujazaliwa. Nikamwambia tena alipokuwa akishuka. Akajibu "naam, naam," kama mtu anayembembeleza mtoto, na uzi wake mkononi.

Sikuwa nataka pambo. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, nina watoto wawili, na kila nilichokuwa nacho jikoni kilikaa sakafuni au kilining'inia kwenye susu, kile kikapu cha kamba kinachotundikwa darini. Paka wa Lamu hawaogopi susu. Wanatoka paa hili hadi lile, wanashuka kwenye boriti, wananing'inia kwa ukucha mmoja mpaka samaki adondoke. Sahani tatu za marehemu mama yangu zilivunjika kwa mkupuo mmoja asubuhi moja, na paka akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemsumbua. Nilitaka mahali penye mlango na komeo. Basi. Nikapewa kabati la viatu.

Fundi mwenyewe alipoliona limekwama hakuona haya hata chembe. Nilimsikia kutoka juu, nikiwa nimejibanza kwenye kona ya ngazi, akimwambia mume wangu, "Kabati halina neno, Bwana. Ngazi ndizo mbovu."

Ngazi zilizojengwa miaka mia mbili kabla yake! Nilikasirika hata nikaunguza wali.

Sasa, kitu ambacho mume wangu alikijua lakini hakikuwahi kumkaa kichwani ni kwamba mimi ni mtoto wa fundi wa mashua wa Matondoni. Baba yangu hakuwa na mtu wa kumshikia mbao, kwa kuwa kaka yangu alichukia vumbi na jua. Nikawa namshikia mimi. Nilikalia ncha ya ubao ili usitikisike, naye akakaa chini, ubao ameubana kwa nyayo, akauvuta msumeno kuelekea kifuani. Misumeno yetu ya zamani ilikuwa hivyo, meno yake hula ukiuvuta. Nilipofika miaka kumi alinipa nikate mwenyewe. Alisema mkono wangu haupotei mstari. Nilipovunja ungo nikaingizwa ndani, na hakuna aliyeutaja mkono wangu tena.

Alipofariki, zana zake zote zilikwenda kwa kaka yangu. Kaka huyohuyo. Aliziuza kabla ya arubaini, tezo, keke, misumeno yote, akaenda Mombasa kusimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilililia lile tezo kuliko nilivyoonyesha. Watu walidhani namlilia marehemu tu.

Basi baada ya kabati kuwa la viatu, siku moja nilishuka nikaona chini ya ngazi kuna mbao zilizobaki, za mbambakofi, nzuri, zimeegeshwa ukutani. Fundi aliagiza nyingi kuliko haja yake. Nikaupandisha ubao mmoja. Ukapita pindo la ngazi bila hata kugusa ukuta. Nikarudi nikauchukua wa pili. Wa tatu. Kabati zima lilikuwa linapanda mikononi mwangu, vipande vipande, na nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja kwamba jambo rahisi hivyo halikumpitia kichwani mwanamume hata mmoja kati ya wale waliokuwa wakilisukuma kwa mabega.

Msumeno uliokuwamo nyumbani ulikuwa wa marehemu baba mkwe wangu, wenye kutu, umekatia kuni za mikoko mpaka meno yamebaki kama ya kizee. Kwenye mbao laini za sanduku la chai ulitafuna, ukaacha ncha zimechanika. Kwenye mbambakofi haukufanya hata hivyo. Nilikata asubuhi nzima, watoto wakiwa chuoni wakisoma Kurani, nikapata mfereji usiozama hata ukucha, na malengelenge mawili. Sikuwa na tupa ya kunolea. Mkono wangu ulikuwa bado unaukumbuka mstari, lakini mkono bila msumeno haukati kitu.

Nikamwandikia kaka yangu, kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni. Sikupamba maneno. Nilimwambia: ulichukua zana zote za baba, sikukudai hata patasi. Sasa nataka msumeno mmoja mkubwa, mzuri, wa kukata mbao ngumu, na mmoja mdogo wenye meno ya karibukaribu wa kukatia viungio, na tupa. Wewe unauza vitu hivyo. Niletee.

Alileta. Hilo nampa haki yake, hakukawia. Vilikuja kwa gari mpaka ng'ambo ya bara, kisha kwa mashua, vimeshonewa ndani ya gunia, na juu ya gunia limeandikwa jina la mume wangu. Ndani mlikuwa na barua, nayo imeandikiwa mume wangu. "Shemeji, nimesikia unahitaji misumeno." Shemeji amehitaji! Kaka yangu aliona haya kuandika kwamba dada yake ndiye anayetaka msumeno, akaona afadhali amtilie maneno kinywani mtu mwingine.

Na mume wangu, badala ya kuuliza, alifurahi. Aliuchukua ule mkubwa, unang'aa, mpini wake wa mti mwekundu umepigwa vanishi, akashuka nao barazani kuwaonyesha wenzake. Mimi nilipewa gunia nilifue. Ule msumeno mdogo na tupa havikumpendeza mtu, ndiyo maana nikavipata.

Siku ya tatu fundi akaja kuuazima ule mkubwa. Mtu haombwi akanyima, ndiyo desturi ya mtaani kwetu, na mume wangu asingetaka kusemwa. Nilipotambua ulikuwa umeshaondoka. Ukakaa huko muda mrefu. Fundi aliketi nao chini kama alivyozoea, akabana ubao kwa miguu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Msumeno ule meno yake yalikuwa yanaangalia mbele. Ulikuwa wa kukata ukisukumwa, mtu amesimama. Yeye akauvuta, ukateleza, akaukandamiza, ukapinda. Akaujaribu kwenye boriti kuukuu yenye misumari. Halikumpitia kichwani wazo la kuutazama meno tu.

Akaurudisha na hukumu yake. Nilimsikia tena kutoka ngazini, maana nusu ya maisha yangu wakati ule niliyasikia kutoka ngazini.

"Msumeno mbaya huu, Bwana. Haukati. Shemeji yako, watu wa Mombasa wamemtezea, wamempa kibovu."

"Kumbe!" akasema mume wangu, na akamwachia aendelee kukaa nao, labda ungemfaa kwa kuni.

Kwa kuni. Msumeno niliouomba kwa barua, kutoka kwa mtu aliyekula urithi wangu, ukakate kuni kwa mtu aliyenitengenezea kabati la viatu. Sikulala vizuri. Asubuhi nikapika kama kawaida, wali na mchuzi wa nazi, na ilipofika adhuhuri nikampelekea mume wangu sinia lake, limefunikwa kawa. Alipofunua akakuta wali, mchuzi, na samaki mzima mbichi hajakatwa, na ubavuni mwake ule msumeno wa kutu wa marehemu baba yake.

"Nini hiki?" akauliza.

"Mkate samaki kwa huo," nikamwambia. "Wangu uko kwa fundi."

Aliangalia samaki, akaniangalia mimi. "Wako?"

"Wangu. Mimi ndiye niliyeuomba. Mwandikie ndugu yangu umuulize."

Hakumwandikia. Alijua, nadhani, tangu siku ya gunia, ila kutojua kulimpendeza zaidi. Kabla ya alasiri msumeno ulikuwa nyumbani. Niliunyoosha juu ya jiwe kwa nyundo, taratibu, nikaunoa kwa tupa jino baada ya jino, siku mbili. Kisha nikalazimika kujifunza upya. Mwili wangu wote ulikuwa umezoea kuvuta. Nilisimama, nikaweka ubao juu ya kinu kilichopinduliwa, goti juu ya ubao, nikasukuma. Mara za mwanzo ulirukaruka ukanichana kidole. Halafu asubuhi moja ukaingia. Ukaingia kwenye mbambakofi kwa sauti moja, vumbi jekundu likamwagika mguuni, na ule mstari nilioupiga kwa mkaa ukabaki mzima ubavuni mwa ubao. Nilikaa chini nikalia kidogo. Baba yangu angelipitisha kidole pale.

Nililijenga kabati lile asubuhi kwa asubuhi, watoto wakiwa chuoni na baba yao ofisini. Msumeno mkubwa kwa mbao, mdogo kwa viungio. Lilichukua ukuta mzima, milango minne, komeo kila mlango. Paka walikuja wakakaa juu ya ukuta wakalitazama. Mtaa mzima ulisikia msumeno, hasa wanaume waliokuwa wakipita njia ya chini, na wote walijua mume wangu saa hizo yuko ofisini. Hakuna aliyejiuliza ni nani anayekata.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa mwenye duka, rafiki mkubwa wa mume wangu. Nyumba zetu mbili ziliunganishwa juu kwa wikio, chumba kilichovuka njia, kwa hivyo sisi wanawake tulitembeleana bila kushuka. Mkewe alilitazama kabati langu tangu ubao wa kwanza. Alinishikia ncha, alinipikia nilipochelewa. Akamsimulia mumewe kwamba kwetu kuna kabati jikoni, bora kuliko lile la ukumbini. Hakusema limetengenezwa na nani. Aliniambia baadaye kwamba alidhani litajulikana lenyewe.

Jioni hiyo nilikuwa ndani ya wikio, na baraza ya wanaume iko chini yake. Nikamsikia mwenye duka akilalamika kwamba hapati usingizi, "Mke wangu haniwati kulaa kwa sababu ya kabati lenu. Nani aliyelifanya?"

Nikangoja. Wallahi nilingoja kama mtu anayengoja kuitwa.

"Aa, si kazi kubwa," akasema mume wangu. "Kidogo kidogo, mtu akipata wakati."

Wakamsifu. Fundi alikuwapo, naye akasema kumbe ukarani umetufichia mtu. Na mwenye duka akasema, "Basi ndoo kwetu utufanyie na sisi." Mume wangu akajibu inshallah, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Nilipomkabili hakukana. Alisema yamemtoka tu mdomoni, kwamba angesemaje, kwamba mwanamume gani anayewaambia watu mkewe anakata mbao naye yupo. Nikamwambia, yule anayekula samaki ambaye paka hakumgusa. Siku nne sikusema naye ila salamu na chakula tayari.

Siku ya tano ndipo alipokuja juu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na nikaona kwamba mambo yamemfika. Mwenye duka alikuwa ameshanunua mbao. Anamngoja. Na jiko la mwenye duka liko juu, kama la kila mtu, na ngazi zake ni nyembamba kuliko zetu. Kabati lazima lijengwe hukohuko jikoni. Na mume wangu hawezi kupanda jikoni kwa mwenye duka, kwa kuwa mle mna mke wa watu. Fundi hawezi. Hakuna mwanamume wa mtaa mzima anayeweza. Desturi ileile iliyoniletea kabati la viatu ilikuwa imemshika shati.

"Utavuka kwa wikio," akaniambia, taratibu. "Hapana atakayekuona. Mbao nitazipeleka mimi kwa ndia ya tini, ya kichochoroni. Watasema nimezikata nyumbani."

Hata sasa nikikumbuka damu yanichemka.

"La," nikamwambia. "Sivuki kwa wikio. Nitapita ndia ya tini, baada ya alasiri, watu wakiwa barazani. Msumeno nitautukua mimi. Mbao utazitukua wewe, nyuma yangu. Na wakikuuliza, useme kweli."

"Watu watasemaye?"

"Ndiyo nitakayo kusikia."

Alifikiri mpaka makaa yakafifia. Kisha akakubali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusifiwa.

Mbao za mwenye duka zilikuwa zimeletwa kwetu, basi baada ya alasiri tulitoka. Nilivaa buibui langu, uso nimefunika, na mkono mmoja nje umeshika mpini mwekundu. Nyuma yangu mume wangu, mbao tatu begani, jasho lamtoka. Hatua ishirini tu mpaka barazani. Walikuwapo watano au sita, kanzu nyeupe, vikombe vya kahawa, mwenye duka na fundi kati yao. Wakapiga kelele, "Fundi huyo! Fundi wetu apita!"

Mume wangu akasimama. Alitimiza ahadi yake, siwezi kumsingizia. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi mtukuzi wa mbao tu. Fundi ni huyu alo mbee."

Wakacheka. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema, huyu bwana kwa mizaha hana mwenzake. Mwenye duka akampiga bega. Mimi nilikuwa nimesimama pale na msumeno mkononi, na kweli ilikuwa imesemwa, kwa mdomo wa mwanamume kama nilivyotaka, na wakaigeuza ikawa sifa yake nyingine.

Sikukusudia kufanya nililolifanya. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikavuta ubao wa juu begani mwa mume wangu, nikaulaza juu ya baraza ya mawe, katikati yao. Ikabidi wasogee. Nikaukanyaga. Nikasukuma. Mbambakofi ni mti mgumu, na sikuharakisha. Vumbi jekundu lilianguka juu ya kanzu zao na ndani ya vikombe vyao, na hakuna aliyeondoa mguu wala kikombe. Kipande kikaanguka. Nikanyanyuka.

 

Fundi ndiye aliyeinuka. Alikiokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale palipokatwa, upande huu, upande ule. Alikitazama sana. Niliona mkono wake unajua. Nikasema moyoni, sasa. Huyu ni mtu wa kazi, huyu hawezi kuikana.

Akamgeukia mume wangu.

"Msumeno mwema huu, Bwana," akasema. "Niazime kesho."

Msumeno uleule! Mume wangu aliziweka mbao chini. Nilidhani atasema naam, naam. Alifuta jasho, akamwangalia fundi, akasema, "Si wangu. Mwombe mwenyewe, huyo hapo."

Fundi akanitazama, yaani akalitazama buibui. Akautazama msumeno. Akakirudisha kile kipande juu ya baraza, akaketi, akachukua kikombe chake chenye vumbi akanywa. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na misumeno yake mibovu, nyumba ya nne kutoka kwangu, wala hakuniomba.